Picha ya hadibodi haigandishwi ukutani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka Jumapili iliyopita kwenye ukurasa wa nyumba na makazi. Mwandishi wenu aliwashauri wasomaji wenye picha zilizochorwa kwenye hadibodi, ile bodi nyembamba ya mbao iliyosagwa na kushindiliwa, au zilizochongwa kwenye vibao vyembamba, wazipake silikoni mgongoni na kuzibandika ukutani moja kwa moja. Asiye na silikoni akaambiwa misumari minne ya zege, mmoja kila pembe, inamtosha. Nimefanya kazi ya useremala na fremu hapa Tanga tangu mwaka 1983. Makala hiyo niliisoma mara mbili nikidhani labda miwani imenidanganya, kisha nikaenda kununua bahasha.

Ubaya wa misumari niliujua kabla sijawa fundi. Marehemu baba yangu alikuwa mpishi katika nyumba moja ya Oysterbay, Dar es Salaam. Mwaka 1973 alipokuja likizo alitushushia kwenye mkeka picha aliyoinunua kwa vijana waliokuwa wakiuza karibu na Morogoro Stores. Nilikuwa na miaka 12. Ilikuwa picha ya kanga wawili, ndege si nguo, wamesimama kwenye majani na vifaranga vyao watatu, nyuma yao rangi ya njano tupu kama embe lililoiva. Sijawahi kuona kitu kinachong'aa vile ndani ya nyumba yetu. Baba akachukua nyundo na misumari ya inchi mbili, akaipigilia pembe zote nne pale sebuleni. Jirani zetu walikuja kuitazama kama watu wanaokuja kuona mtoto mchanga.

Masika ya mwaka uliofuata picha ikatoa kitambi. Katikati ilivimba mbele, mkono wa mtoto ukaweza kupita nyuma yake, na kila penye msumari rangi ikaanza kupasuka kwa duara, kama udongo wa shamba lililokauka. Kiangazi ilirudi nyuma kidogo, masika ikavimba tena. Mwaka 1981 tulipohama nyumba, baba aliing'oa kwa kucha za nyundo. Pembe ya chini upande wa kulia ikabaki ukutani na msumari wake, ikavunjika vipande vipande tulipojaribu kuitoa. Kwenye pembe ile palikuwa na kifaranga mmoja na sahihi ya mchoraji. Baba hakuwa amelishika jina, sisi watoto hatukuwahi kulisoma kwa makini, na mpaka leo sijui ni mkono wa nani ulioichora.

Ndiyo maana siwezi kulinyamazia jambo hili. Picha za namna ile zilianzishwa na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na akafariki mwaka 1972. Ni miaka minne tu. Alitumia rangi za mafuta, zile za kupakia baiskeli na milango, juu ya vipande vya mraba vya bodi ya dari, ndiyo hadibodi hiyo, na jamaa zake na wanafunzi wake wakaendelea hivyo hivyo baada yake. Karatasi moja ya hadibodi ya futi 4 kwa 8 hutoa vipande 8 vya futi 2 kwa 2, na ndiyo maana picha nyingi za zamani zina kipimo hicho. Wachoraji wa siku hizi wengi wamehamia kwenye kitambaa kwa kuwa mgeni anaweza kukiviringisha na kukitia begini. Kwa hiyo hizi za bodi zilizobaki majumbani mwetu haziongezeki, na kila moja inayoharibiwa kwa gundi au msumari imekwenda na haina badala yake.

Sasa nieleze kwa nini bodi ile ilivimba, maana mwandishi wenu hakuligusa kabisa. Hadibodi ni mbao iliyosagwa ikawa nyuzinyuzi, kisha ikashindiliwa kwa moto na uzito mpaka ikawa kibao cha milimita 3 hivi. Hata ikisagwa namna gani, bado ni mbao, na mbao hunywa unyevu wa hewa. Huku pwani hewa ya masika ni nzito mpaka chumvi inaloa kwenye kopo. Kipande cha futi mbili hurefuka milimita moja, pengine mbili. Ni kidogo, lakini ukikishika pembe nne hakina pa kurefukia ila mbele, ndicho kitambi hicho. Ubao mzima, kwa mfano mninga au mvule uliochongwa mpaka ukabaki mwembamba, una tabia yake nyingine: kwa urefu wa nyuzi haubadiliki sana, lakini kwa upana unaweza kupanuka milimita moja mpaka tatu kwa kila futi moja. Ukiuzuia, unapasuka kufuata nyuzi. Na ukiupaka vanishi mbele tu ukaacha mgongo mtupu, mgongo unakunywa na uso haunywi, basi ubao unajikunja kama jani la mgomba juani. Kazi mpya ninayoletewa huwa naanza na mgongo, vanishi mikono miwili sawasawa na mbele, kabla sijafikiria ukuta.

Silikoni ni mbaya kuliko msumari. Miaka michache iliyopita niliitwa na familia moja iliyokuwa ikihama, nikakuta picha ya twiga imebandikwa kwa madonge tisa ya silikoni. Nilipitisha waya mwembamba wa gitaa nyuma yake, nikafunga vijiti viwili ncha zote mbili, nikawa nasukuma na kuvuta kama msumeno. Saa mbili nzima. Madonge saba yalikatika salama. Mawili yaliondoka na lipu ya ukuta, na mgongo wa bodi ukachanika tabaka. Picha ile ilipona usoni, lakini mwenye nyumba alikata gharama ya lipu na rangi kwenye amana ya mpangaji. Ukuta wa rangi ya maji ndio hatari zaidi, kwa sababu gundi haishiki ukuta, inashika rangi, na rangi ikibanduka picha inashuka nayo usiku watu wamelala.

Kanuni yangu ni moja: picha ining'inizwe kwa mgongo wake, isiguse ukuta, na iweze kutolewa na mtu mmoja bila chombo chochote.

Kwa picha ya hadibodi ya kawaida, iliyonunuliwa jana au juzi, natumia kitu ninachokiita mbao pacha. Chukua ubao wa msonobari wenye unene wa sentimita 2 na upana wa sentimita 8, urefu wake upungue upana wa picha kwa sentimita 10 hivi. Uchane katikati kwa urefu, lakini msumeno uulaze kwa pembe ya digrii 45. Utapata vipande viwili, kila kimoja kina mshazari upande mmoja. Cha kwanza kibandike mgongoni mwa picha karibu na juu, mshazari ukitazama chini na ncha yake kali ikiwa upande wa mbali na picha. Cha pili kifunge ukutani kwa skrubu, mshazari ukitazama juu, ncha kali ikiwa upande wa picha. Ukiiinua picha na kuishusha, pacha mmoja anamkalia mwenzake, na uzito wenyewe wa picha unaivuta kwenye ukuta. Chini ya picha bandika kibanzi kingine cha unene uleule wa sentimita 2, ili isimame wima isiinamie ukuta. Hakuna msumari unaoonekana, hakuna waya, na haiendi upande hata mlango ukipigwa na upepo wa kusi.

Gundi ya kubandikia pacha mgongoni ni ile nyeupe ya mbao, si silikoni. Mgongo wa hadibodi mara nyingi una alama za wavu, na alama hizo hushika gundi vizuri ukizifuta vumbi kwanza. Laza picha kifudifudi juu ya blanketi safi, bandika, kisha weka uzito juu ya kibanzi, mimi hutumia tofali lililofungwa kitambaa, na uache mpaka kesho yake. Usijaribu kufunga skrubu kwenye hadibodi yenyewe. Milimita 3 haishiki skrubu, na nimeona zaidi ya mara moja ncha imetokeza usoni, katikati ya jicho la chui.

Ikiwa ni ubao mzima wa kuchonga, pacha anayevuka nyuzi za ubao asigandishwe kwa urefu wake wote. Weka gundi katikati tu, upana wa vidole vinne, na huku pembeni acha ubao upumue. Wanafunzi wangu hili walilisahau sana, na nilikuwa nawafanya wabandue waanze upya.

Picha ya zamani, yenye sahihi, au ambayo huijui asili yake, usiibandike kitu chochote mgongoni. Hiyo itengenezewe fremu yenye ngazi kwa ndani, yaani mkato wa kukalia picha, picha ikae kwenye ngazi bila gundi, iachiwe milimita mbili au tatu kila upande, na nyuma izuiwe kwa vibanzi vidogo vinavyozunguka kwenye skrubu moja. Pacha, au pete mbili na waya, vinafungwa kwenye fremu. Ukitumia waya, pete ziwe theluthi moja kutoka juu, na ukutani ziwe ndoano mbili zilizoachana kama shubiri moja. Ndoano moja ndiyo inayofanya picha za watu wengi zilale upande kila zikipanguswa vumbi.

Ukuta nao una habari zake. Nyumba zetu nyingi za sasa ni tofali za saruji zilizopigwa lipu ya sentimita moja na nusu au zaidi. Msumari wa inchi moja, ukitoa sehemu inayobaki nje ya kutundikia, unaishia kwenye lipu au haugusi tofali ila kidogo, na lipu ikimeguka unabaki unacheza. Mimi hutoboa kwa drili ya milimita 6, naingiza ile plagi ya plastiki tunayoiita fisha, ya milimita 6 pia, kisha skrubu ya inchi mbili na nusu, kwa kuwa inapita kwanza kwenye pacha. Skrubu mbili zinatosha kabisa, maana picha ya futi 2 kwa 2 ina uzito wa kilo moja hivi, na fremu ikiongezwa haifiki kilo tatu. Kwenye usawa wa juu ya milango na madirisha mtakutana na mkanda wa zege unaozunguka ukuta, na hapo drili ndogo ya nyumbani italia bure. Shuka chini ya mkanda huo mtobolee kwenye tofali. Kabla ya kutoboa tazama swichi na soketi ziko wapi, maana waya za umeme mara nyingi hupanda au kushuka wima kutoka hapo. Weka alama zako kwa pimamaji, siyo kwa jicho.

Tena usiitundike kwenye ukuta wa bafu, wala ukuta unaopanda unyevu kutoka chini, wala palipo na jua la alasiri. Na kuhusu urefu, nina neno. Watu wengi hutundika picha juu sana, karibu na dari, kama picha ya ofisini. Sebuleni tunakaa. Mgeni akikaa kwenye kochi lazima aione picha bila kuinua kidevu. Keti mwenyewe kwanza, mwenzako aishike ukutani, kisha ndipo upige alama.

Ile nafasi ya sentimita 2 nyuma ya picha ina faida kubwa ambayo mwandishi wenu hakuitaja. Mchwa hupanda ukutani kwa njia yao ya udongo, na hupenda sana mahali palipofunikwa. Picha iliyogandishwa ukutani ni nyumba yao. Niliwahi kushusha picha kwenye nyumba ya wageni moja ya ufukweni, sitaitaja, nikakuta uso wa picha mzima na rangi zake, lakini nyuma pamebaki ganda tupu na vumbi. Zilikuwa picha saba ukumbini, zote zimepigiliwa misumari pembeni, na tatu zilikuwa zimeliwa hivyo hivyo. Mhudumu alizifuta vumbi kila asubuhi kwa miaka na asijue. Zingekuwa zimetundikwa kwa mbao pacha, angezishusha kila mwezi na kuona njia ya udongo ikiwa ingali fupi.

Kuna hizi kazi mpya za kukatwa kwa mashine, aya za Kurani, majina ya familia, ramani ya Afrika, za plaiwudi au MDF, bodi nyingine ya nyuzinyuzi za mbao, ya milimita 3. Ni nyepesi sana, na vijana huzibandika kwa ile gundi ya utepe wa pande mbili. Joto la Februari linailainisha, na Ayatul Kursiy haifai kuokotwa sakafuni. Kazi ya namna hii imekwisha kutobolewa na mashine, ina matundu yake tayari. Piga misumari miwili myembamba isiyo na kichwa, iache itokeze sentimita moja, ipake rangi ya ukuta, kisha ikalishe kazi juu yake kupitia matundu, mahali herufi zinapokutana. Nyuma yake bandika vipande vidogo vya kizibo visivyoonekana, ili isilale juu ya ukuta. Inatosha kabisa, na kivuli cha herufi kinaanguka ukutani taa ikiwashwa. Kwa kweli hakuna njia inayonipendeza kuliko hiyo.

Ndugu zangu wa Zanzibar na Lamu wenye nyumba za mawe wana shida nyingine. Niliwahi kufanya kazi wiki tatu katika nyumba moja ya Mji Mkongwe. Ukuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, mnene unaoweza kulaza mtoto kwenye dirisha, lakini lipu yake ni laini, ukitoboa kwa drili ya kugonga inamwagika kama unga na kuacha shimo la ngumi. Na msumari wa chuma unaliwa na chumvi, unatoa machozi ya kutu kwenye chokaa nyeupe. Pale sikutoboa ukuta. Dari zile zina boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu, basi nilifunga ubao mwembamba chini ya boriti mbili, nikaning'iniza picha kwa mshipi wa kuvulia samaki, ule mnene, mistari miwili kwa kila picha. Mshipi hauonekani ukiwa mbali kidogo, hauozi, na ukitaka kuhamisha picha unausogeza tu kwenye ubao. Asiye na boriti afunge reli ya mbao moja juu ukutani, kwa skrubu chache za shaba, zisizoshika kutu, na picha zote zining'inie hapo. Ni afadhali matundu manne kwa ukuta mzima kuliko manne kwa kila picha.

Mpangaji aliyekatazwa kutoboa kabisa atengeneze rafu nyembamba yenye mfereji, aiweke juu ya kabati au meza, na picha isimame humo ikiegemea. Hapo hakuna kutoboa hata kidogo.

Mhariri, ninachoomba ni masahihisho. Mtoe maelezo mapya kwenye ukurasa uleule, kwa ukubwa uleule, muwaambie waliokwisha kubandika silikoni wasivute kwa mikono wala kwa bisibisi, watumie waya mwembamba taratibu kama nilivyoeleza, kuanzia juu, na mtu wa pili aishike picha. Mkitaka michoro ya mbao pacha ninayo, niliichora kwa ajili ya wanafunzi wangu na ina vipimo vyote. Nimeambatanisha mmoja kwenye bahasha hii.

Kanga wa baba wapo sebuleni kwangu, ndani ya fremu ya mninga niliyoitengeneza mwaka 1990. Ile pembe iliyopotea sikuijaza. Niliweka nyuma yake kipande cha bodi tupu, rangi ya kahawia, ili pasiwe na tundu, na vifaranga wamebaki wawili. Kama kuna msomaji mwenye umri wangu aliyekuwa Oysterbay miaka ile, anayemkumbuka mchoraji aliyependa kuwapa kanga wake miguu myekundu na jicho jeupe lisilo na kiini, naomba aniandikie kupitia gazeti lako. Ningependa kuandika jina lake mgongoni mwa fremu.

Wako,
Fundi fremu mstaafu,
Ngamiani, Tanga